Nimeongezewa laki tatu, mkononi imeingia laki na nusu kasoro. Nani kala nusu nyingine?

Msomi wa Makambako (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa kooni tangu mshahara wa mwezi wa tisa, acheni nilitoe hapa maana nyumbani nimeshaambiwa ninaficha hela.

Niko kampuni binafsi hapa Dar, mwaka wa sita sasa. Mwezi wa nane bosi kaniita, kanipa mkono, kasema kuanzia mwezi ujao mshahara unatoka milioni moja kwenda milioni moja na laki tatu. Nilishuka ngazi za ghorofa ya nne bila kukumbuka kwamba kuna lifti. Nikampigia mama watoto, tukapanga papo hapo: laki moja ada, laki moja kumalizia fensi, laki moja tutajua tukifika.

Mshahara ukaingia niko kwenye mwendokasi, tumekaribia Manzese. Ujumbe wa benki nimeusoma mara tatu. Ongezeko ni 149,000.

Nawawekea slipu zote mbili, sina posho hata moja, yote ni mshahara wa msingi:

Ya zamani: ghafi 1,000,000. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 100,000. PAYE (kodi ya mshahara) 103,000. Bodi ya Mikopo (deni la mkopo wa chuo) 150,000. Mkononi 647,000.

Ya sasa: ghafi 1,300,000. NSSF 130,000. PAYE 179,000. Bodi ya Mikopo 195,000. Mkononi 796,000.

Kwa hiyo katika laki tatu nilizopewa, 151,000 zimeliwa njiani. Halafu mhasibu wetu mwezi huohuo kabadilisha simu. Sisemi kitu, naweka tu mezani.

Kijana wa Buza

Pole mkuu. Ulivuka milioni, ukaingia kwenye asilimia 30. Ndiyo maana mimi nikiambiwa napandishwa nauliza kwanza itafika ngapi. Ukivuka milioni wanakukata 30 ya mshahara mzima, bora ungebaki palepale na 999,000 yako.

Jicho la Debiti

Kijana, hapana. Hilo nalisikia kila mwaka na kila mwaka linamtia mtu hofu bure.

Nimeandaa mishahara ya watu kwa miaka kumi na moja, kwanza nimtetee mhasibu mwenzangu: mleta uzi, slipu yako iko sawa mpaka shilingi ya mwisho. Simu kanunua kwa hela yake.

PAYE haikati mshahara wote kwa asilimia moja. Inakata kwa vipande. Tangu Julai 2021 hesabu ya bara iko hivi: 270,000 za kwanza hazigusi mtu. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinakatwa asilimia 8 (zamani ilikuwa 9). Kinachozidi 520,000 mpaka 760,000 ni asilimia 20. Kutoka hapo mpaka milioni ni asilimia 25. Kinachozidi milioni, hicho tu, ndicho kinakatwa 30. Mtu mwenye kipato cha kodi cha 1,000,100 anakatwa 30 kwenye ile mia moja yake ya juu, yaani shilingi 30 zaidi ya mwenye milioni kamili. Hakuna duniani mtu anayepandishwa mshahara wa kodi ya namna hii akarudi nyumbani na pungufu ya jana kwa sababu ya PAYE.

Sasa njoo kwako. Watu wengi hapa hawajui kwamba mpangilio wa makato una maana kubwa kuliko makato yenyewe. NSSF inatoka KWANZA. Kodi inapigwa kwenye kinachobaki. Ghafi yako 1,300,000, toa NSSF 130,000, inabaki 1,170,000. Hiyo ndiyo TRA, Mamlaka ya Mapato, wanaiangalia. Milioni ya kwanza ina kodi 128,000, hizo 170,000 za juu asilimia 30 ni 51,000, jumla 179,000. Ndiyo hiyo kwenye slipu.

Kama NSSF isingekuwepo, ungelipa kodi kwenye 1,300,000 nzima: 128,000 ongeza 90,000, sawa na 218,000. Kwa hiyo ukisema NSSF imekula 130,000 unasema nusu ya kweli. Imekupunguzia kodi 39,000. Mfukoni mwako imeondoa 91,000, na huko kwenye akaunti yako imeingia 260,000, kwa sababu mwajiri naye kaweka 130,000 yake juu.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho kabla hujajibu.

Kijana wa Buza

Nimesoma. Nijibu hivi: 91,000 yangu naiona, 260,000 hiyo naisikia. Kati ya kuona na kusikia mimi nachagua kuona. Wanipe mkononi nifuge kuku.

Msomi wa Makambako

Jicho, nashukuru mkuu, na mhasibu wetu nimemsamehe kimoyomoyo. Ila Bodi je? Hiyo 45,000 iliyoongezeka kwa Bodi imenikata maini kuliko PAYE.

Jicho la Debiti

Bodi ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hiyo ilitoka kwenye asilimia 8 mwaka 2016. Yenyewe HAITANGULII kodi. Unakatwa kodi kwanza kwenye hela ambayo hutaiona, halafu Bodi inaichukua. Ndiyo inauma.

Ila niambie deni limebaki kiasi gani.

Msomi wa Makambako

Nilipoangalia mara ya mwisho, milioni 9 na laki 4.

Jicho la Debiti

Kwa 150,000 ungemaliza baada ya miezi 63. Kwa 195,000 unamaliza baada ya 49. Bosi wako kakupunguzia mwaka mzima na ushee wa kukatwa bila kujua. Na shukuru umeajiriwa wakati ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo inaelekea kufutwa. Ilitangazwa kuondolewa mwaka 2021. Kabla ya hapo kuna watu walikuwa wanakatwa kila mwezi, mwisho wa mwaka wanakuta deni limenenepa.

Siku zikibaki chache, omba taarifa ya deni Bodi. Nimeona watu wamemaliza na makato yanaendelea kwa sababu hakuna aliyempelekea mwajiri barua ya kusitisha. Kurudishiwa inawezekana ila viatu vitaisha soli.

Chaki Nyeupe

Bumu, yaani mkopo wa chuo, tulilila miaka mitatu, sasa linatula sisi miaka kumi.

Mie mwalimu wa sekondari, Serikalini. Ngoja niwaoneshe upande wetu, tusije tukadhani wa NSSF ndio wanaumia peke yao. Chukua mshahara wa 900,000, si wangu lakini uko jirani. PSSSF, mfuko wetu wa watumishi wa umma, asilimia 5, inakwenda 45,000. Bima ya afya asilimia 3, 27,000. Chama cha walimu asilimia 2, 18,000. Bodi 135,000. Kodi inapigwa kwenye 855,000, inatoka 91,750. Kinachobaki 583,250.

Hapo sijagusa mkopo wa benki. Na mwalimu asiye na mkopo wa benki nionesheni, nimpige picha.

Dereva wa Masafa

Mwalimu, nyie mnakatwa 5 sisi 10, mna nafuu bwana.

Chaki Nyeupe

Ni kweli, kwetu mwajiri anaweka 15 na mimi 5, kwenu ni 10 kwa 10. Zote jumla 20. Ila sikia tofauti: yetu inapigwa kwenye mshahara wa msingi, yenu kwenye ghafi.

Kilichonifanya niandike siyo hiyo lakini. Ni hii ya theluthi. Sisi makato hayatakiwi kutuacha chini ya theluthi moja ya mshahara. Kwa mwenye 900,000 lazima laki tatu ibaki. Watu wanaisikia hii wanadhani ni ulinzi. Benki wao wanaisoma kinyume: wanaona 583,250 imebaki, theluthi ni 300,000, kwa hiyo kuna nafasi ya 283,250 ya rejesho. Wanakuhesabia mpaka ukutani. Unachukua mkopo wa miaka saba, unaishi kwa laki tatu. Mwezi wa tatu mtoto anaugua, unakwenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani. Wale theluthi hawaijui, wanabaki na kadi yako ya benki na namba ya siri. Siku ya mshahara wanatangulia wao mashineni, wewe unapigiwa simu uje uchukue chenji.

Shuleni kwetu tuko walimu 31. Nikiwahesabu ambao kadi zao ziko mikononi mwao hatufiki 20.

Karani wa Mbezi

Mwalimu umeniliza na leo ni Jumapili.

Niingize neno, nafanya kazi ofisi ya utumishi. Kaka Msomi, umehesabu upande wako tu. Kuna makato ambayo huyaoni kwenye slipu kwa sababu hayatoki kwako. Bosi wako analipa NSSF yake 130,000. Analipa SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 3.5 ya mishahara, kwako ni 45,500 (inawahusu waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi). Anapeleka WCF nusu ya asilimia moja, 6,500, ile ya fidia ukiumia kazini. Kwa hiyo wewe unamgharimu 1,482,000 kila mwezi, na wewe unapokea 796,000.

Ndiyo maana mkikaa mezani kujadili mshahara, bosi anawaza namba yake na wewe unawaza yako, na zote si ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Nawashauri wanaokwenda kwenye usaili: ukiulizwa unataka kiasi gani, sema kama ni ghafi au ni mkononi. Nimeona kijana kasema "nataka laki nane" akiwaza mkononi, akaandikiwa laki nane ghafi, akasaini kwa furaha.

Mjasiri wa Tandika

Wote mnateseka bure. Kampuni yetu ina utaratibu mzuri. Mshahara wangu milioni, ila kwenye karatasi inaandikwa laki nne. NSSF inakatwa 40,000, kodi ni 7,200 basi. Laki sita inakuja kwenye bahasha. Naondoka na 952,800. Ninyi mwenye milioni yenu ya halali bila Bodi mnaondoka na 797,000. Tofauti ni 155,800 kila mwezi. Hesabuni kwa mwaka.

Kijana wa Buza

Mnaajiri?

Jicho la Debiti

Tuhesabu basi, tena kwa mwaka, tena tusiishie mwaka mmoja.

Pensheni ya NSSF haihesabiwi kwa hela ulizopokea, inahesabiwa kwa mshahara uliochangiwa. Unachukua wastani wa mshahara wa mwaka, ile miaka mitatu bora kati ya kumi ya mwisho, unazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, unagawa kwa 580. Tuseme wote wawili mmefanya kazi miaka 30, miezi 360, na mishahara haikubadilika, turahisishe.

Mwenye milioni halali: wastani wa mwaka ni milioni 12. Pensheni yake ya mwaka inakuwa 7,448,276. Kuna sehemu inatolewa kwa mkupuo, kinachobaki ndicho cha kila mwezi. Kwa NSSF mkupuo sasa ni asilimia 35 ya hiyo pensheni ya mwaka, mara 12.5, kwa hiyo anapata kama 32,586,000 kwa mkupuo na 403,000 na ushee kila mwezi mpaka anaingia kaburini.

Wewe Mjasiri, kwenye vitabu una milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Mkupuo wako ni kama 13,034,000 na kila mwezi 161,000. Hiyo bahasha ya laki sita NSSF hawaijui na hawataijua.

Na ukiumia kazini, fidia nayo wanaangalia kipato kilichoandikwa. Ukitaka mkopo, benki wanaona laki nne. Ukifukuzwa, mahesabu ya likizo na notisi yatapigwa kwenye laki nne na bosi atakuonesha saini yako. Anayefaidika zaidi na bahasha siyo wewe: yeye kaokoa 60,000 ya NSSF yake, 21,000 ya SDL kama inamhusu, na 3,000 ya WCF, kila mwezi, kwa kila kichwa.

Halafu hilo ni kosa kisheria, ila nimeona kwako hoja ya sheria haitafika mbali.

Mjasiri wa Tandika

Mkuu umenichana. Ila miaka 30 ni mingi, kesho yenyewe hatuijui.

Mstaafu Tanga

Vijana, amani iwe kwenu. Nimekaa pembeni nikisoma, sasa naomba kiti.

Mimi nilianza kazi mwaka 1984, wakati huo haukuwa NSSF, ulikuwa NPF, mfuko wa akiba. Wakati ule ukistaafu unapewa chako chote na riba kidogo, unakwenda zako. Mwaka 1997 ikatungwa sheria, mfuko ukawa NSSF na ukaanza kulipa pensheni ya kila mwezi. Tulinung'unika sana. Tulisema kama anavyosema kijana wa Buza: nipe changu nikafuge.

Wenzangu wa NPF waliotoka na mkupuo wote ninawakumbuka kwa majina na sitawataja. Mmoja alinunua basi la abiria. Mmoja alioa. Wote wawili niliwachangia nauli ya hospitali kabla hawajafa.

Mimi nilistaafu nikapata mkupuo wa robo kwa utaratibu wa wakati ule, na jirani yangu mwalimu wa mfuko wa PSPF alipata nusu. Alinicheka. Alijenga nyumba ya vyumba vinne, nzuri, mpaka leo ninaionea wivu. Ila mwisho wa mwezi simu yangu ikilia na yake ikilia, yangu ina mlio mzito kidogo.

Kijana wa Buza

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, wewe ulipata kwa kanuni za zamani. Sisi tumeletewa kikokotoo, hii kanuni mpya ya kupiga hesabu ya pensheni. Leo ni 35, kesho nani ajuaye.

Mstaafu Tanga

Marahaba mwanangu. Hapo sina jibu, umesema kweli.

Chaki Nyeupe

Mzee, kikokotoo kwetu ndio kidonda hasa. Waliokuwa wanapata nusu mwaka 2018 wakaambiwa ni robo, na kigawanyo kikatoka 540 kwenda 580, kizidisho kikashuka kutoka 15.5 kwenda 12.5. Kelele zikapigwa mpaka Desemba ileile Rais Magufuli akasimamisha. Julai 2022 ikaja ya 33 kwa wote. Julai 2024 tukapandishwa 40, na ninyi mliokuwa wa robo mkawa 35. Mtu aliyeajiriwa 1995 alikuwa na hesabu yake kichwani ya nyumba na shamba, imebadilishwa mara tatu akiwa bado anafundisha.

Najua hoja ya wakubwa: mkupuo ukiwa mdogo, cha kila mwezi kinakuwa kikubwa. Hesabu naikubali. Lakini mimi sikuambiwa hivyo siku naajiriwa, na anayekatwa ni mimi.

Jicho la Debiti

Mwalimu, hapo tuko pamoja. Naitetea hesabu, siitetei tabia ya kubadilisha hesabu mtu akiwa njiani.

Niongeze moja kwa vijana wanaohamahama kazi: ili upate pensheni ya kila mwezi lazima ufikishe miezi 180 ya michango, miaka 15. Haina lazima iwe mfululizo wala kwa mwajiri mmoja. Ukifika umri wa kustaafu hujafikisha, unapewa mkupuo maalumu mara moja, basi. Na lile fao la kujitoa mlilolizoea halipo tena, badala yake kuna fao la kukosa ajira. Ukiachishwa na ulikuwa umechangia miezi 18 au zaidi, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Ukiacha mwenyewe kwa hasira, hupati hilo. Kwa hiyo hasira zenu za Ijumaa jioni zipimeni.

Dereva wa Masafa

Naomba msaada nje ya mada kidogo, ila ni makato. Kioo cha upande kilivunjwa na jiwe Mikumi, bosi kakata 180,000 kwenye mshahara wa laki sita na nusu bila kuniuliza. Slipu imeandikwa "mengineyo".

Karani wa Mbezi

Kaka, "mengineyo" halipo kwenye sheria yoyote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaruhusu makato yaliyo kwenye sheria, mkataba wa hiari wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo, au uliyoridhia kwa maandishi. Kwa hasara uliyosababisha, ni lazima iwe kosa lako, uandikiwe sababu na kiasi, upewe nafasi ya kujitetea, na jumla isizidi robo ya mshahara. Robo ya laki sita na nusu ni 162,500, kwa hiyo hata kama jiwe ulilirusha wewe, kazidisha. Mwandikie barua kwa upole, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibu nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikae sana, kule siku zinahesabiwa.

Dereva wa Masafa

Jiwe sikurusha mimi dada. Asante.

Msomi wa Makambako

Wakuu, nimerudi. Uzi huu umenitoa tongotongo. Nimekaa na mama watoto jana usiku na slipu na kalamu, amenielewa. Fensi imesogezwa mpaka Januari.

Nikampa hadithi ya 260,000 inayoingia kila mwezi kwenye akaunti yangu. Akaniuliza swali moja: umewahi kuiona? Nikamwambia mwajiri wetu ni mtu wa mfumo, slipu zetu safi, kila kitu kinaandikwa. Akasema sikuuliza slipu.

Karani wa Mbezi

Mke unaye.

Jicho la Debiti

Mpe shemeji salamu, kauliza swali ambalo mimi nilitakiwa kuliuliza tangu juzi. Slipu inasema UMEKATWA. Haisemi IMEPELEKWA. Hayo ni mambo mawili na katikati yake kuna akaunti ya benki ya mwajiri. PAYE inatakiwa ifike TRA isizidi tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na TRA wana mbwa wakali. Biashara ikibana, mchango wa mfuko ndio huachwa nyuma kwanza, kwa sababu mfanyakazi hauulizi mpaka siku anaacha kazi. Nimekaa kwenye vikao hivyo, nimesikia ikisemwa "hii tutaisogeza".

Kesho nenda ofisi yoyote ya NSSF na namba yako ya uanachama na kitambulisho cha NIDA, omba taarifa ya michango. Ni bure. Angalia vitu viwili: kama kila mwezi upo, na kama mshahara ulioandikwa ni ule ule wa kwenye slipu.

Kijana wa Buza

Hapa ndipo nilikuwa nawasubiri. Kuku wangu wangekuwa wanataga saa hizi.

Msomi wa Makambako

Nimetoka huko leo mchana. Nilitumia muda wa chakula, foleni haikuwa mbaya, mama aliyenihudumia kanichapishia kurasa mbili.

2020 yote ipo. 2021 ipo. 2022 ipo. 2023 Januari na Februari zipo. Machi 2023 mpaka Septemba 2023 hakuna kitu. Oktoba inaendelea kama hakukutokea jambo. Miezi saba, na mshahara ulikuwa tayari milioni, kwa hiyo kila mwezi 200,000, jumla 1,400,000. Laki saba kati ya hizo zilikatwa kwangu mimi, slipu zote saba ninazo, zimeandikwa NSSF 100,000, safi kabisa kama nilivyosema.

Nilikuwa nimekuja hapa kuwashtaki watu kwa 151,000.

Chaki Nyeupe

Pole sana kaka. Na miezi ile saba nayo haihesabiwi kwenye 180 yako mpaka ilipwe.

Mstaafu Tanga

Mwanangu, usigombane na mtu kwanza. Piga nakala za slipu saba na kurasa zile mbili. Nakala moja iwe nyumbani, si ofisini.

Jicho la Debiti

Msikilize mzee. Kisha wapelekee NSSF hizo slipu, deni ni lao kudai kwa mwajiri, wana wakaguzi wa kazi hiyo na wana sheria ya kumtoza na adhabu juu. Huna haja ya kumpandishia mtu sauti. Na hakika hauko peke yako, kama wewe umerukwa miezi saba, idara nzima imerukwa.

Msomi wa Makambako

Nimemuuliza mhasibu taratibu, pembeni. Kaangalia chini muda mrefu. Kasema, "Ya kwangu pia." Halafu kasema niende tukazungumze Jumatatu, tukiwa wengi. Tumefika kumi na wanne kwenye kundi la WhatsApp mpaka sasa, wanane tayari wamechukua taarifa zao, wote Machi mpaka Septemba. Nitawaletea mrejesho.

Kijana wa Buza

Mkuu samahani, niko kazini hapa mwaka wa tatu. Namba ya uanachama inaandikwa sehemu gani kwenye slipu?